Gauni la Buluu na Soda ya Dayati

Kama kulikuwa na kitu ambacho Fundi alikidharau kuliko mteja anayesema "wewe shona hivyohivyo, nitapungua tu," basi ni soda ya dayati, ile isiyo na sukari. Aliidharau kabla hajaionja, na alipoionja akaidharau zaidi. Alisema ina ladha ya sarafu iliyokwisha kunyonywa na mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, kikombe baada ya kikombe, tangu anafungua duka mpaka anafunga, na hakuona haya hata kidogo. Chai, alisema, haijawahi kumdanganya mtu kuwa ni maji.

Bahati mbaya soda yenyewe ilikuwa imeshaingia kwenye ukoo. Aliyeileta ni mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda tangu siku aliyozaliwa, na jina likamganda mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto na miwani ya kusomea. Kitinda alikaa mapokezi katika ofisi ya bima. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alikaa asubuhi, akakaa mchana, akainuka jioni kwa kushika meza, maana goti lake la kulia lilikuwa limechakaa na lilimuuma kila alipoliwekea uzito. Ngazi alizishuka kiubavu, mkono mmoja ukutani, na watu waliokuwa nyuma yake wakasubiri na kujifanya wanaangalia simu.

Daktari wa mifupa alimpiga picha ya goti, akaiangalia kwenye mwanga, akamwambia wazi: atafanyiwa operesheni, lakini apungue kwanza. Akampa miezi michache. Siku ya mwisho atapimwa, na kama mizani haijashuka, nafasi yake atapewa mwingine na yeye atarudi mwisho wa foleni. Foleni hiyo ilikuwa ndefu kupita mwaka. Katikati ya hapo alitakiwa aende kila mwezi kwa nesi wa lishe, apimwe na kuelekezwa ale nini.

Kitinda alitoka hospitali akiwa amepiga moyo konde. Alikuwa mtu wa soda za kawaida, zile tamu zenyewe, moja kila mlo na nyingine njiani. Akaziacha siku ileile. Hapo Fundi angeweza kumpongeza, lakini Fundi hakuwa mtu wa pongezi. Alichoona ni kwamba chupa zimebadilika rangi tu.

"Dada, hii haina sukari," Kitinda alimwambia, akiinua kopo. "Haina kitu. Sifuri."

"Kama haina kitu, mbona unainunua?"

"Ndiyo inapunguza."

"Itakupunguza mfuko. Tena nasikia inayeyusha mifupa. Na wewe mifupa yenyewe ndiyo hiyo."

Hilo la mifupa Fundi alikuwa amelitunga palepale. Hakujua lolote kuhusu soda ya dayati zaidi ya kwamba anayeinywa ni mjinga, na hiyo kwake ilikuwa elimu ya kutosha.

Ujinga wenyewe, kusema kweli, ulikuwepo, ila haukuwa mahali alipouona. Ofisini kwa Kitinda kulikuwa na wanawake watatu wa uhasibu waliounda kundi la kupungua. Walikuwa wakipungua kwa mdomo. Walikutana saa ya chakula, kila mmoja na kopo lake la dayati, wakafungua na mabakuli yao ya chipsi, na wakaelezana kwamba aliyeokoa sukari ya kwenye soda anaweza kujipa raha kidogo kwenye sahani. Hiyo "kidogo" ilijaa mpaka mfuniko haukufunga. Mtu akizaliwa ililetwa keki, na pale ofisini watu walizaliwa kila wiki. Kitinda akala keki kwa amani ya mtu aliyelipa deni lake mapema. Kabla ya dayati alikuwa anaogopa kula kipande cha pili. Sasa hakuogopa tena, alikuwa na kinga mkononi, baridi, inayotoa mapovu.

Sasa, watu wengine wangenunua mizani. Lakini hawa walikuwa watoto wa fundi cherehani. Mama yao alishona maisha yake yote, na katika nyumba yao mizani ilikuwa ya kupimia unga. Watu walipimwa kwa nguo. Kila mtoto alikuwa na vazi lake moja la kupimia, na kila baada ya muda mama aliwapanga mstari, akawavalisha, akavuta huku na huku, akatoa hukumu: huyu anakua, huyu hali, huyu apunguze mkate. Hakuwahi kukosea, au kama alikosea hakuna aliyethubutu kumwambia. Kitinda alikua akiamini kwamba mizani inaweza kuharibika, futi ya kamba inaweza kulegea, ila nguo haina sababu ya kumwonea mtu.

Kwa hiyo alileta dukani gauni lake la buluu la satini. Fundi ndiye aliyelishona, na wiki ile daktari alipotoa masharti lilikuwa linamkaa sawasawa, limembana kwa adabu.

"Litakaa hapa kwako," Kitinda alisema. "Kila Jumamosi nakuja kulijaribu. Likianza kuning'inia, najua napungua."

"Nikupime na futi basi, tuandike."

"Namba zinanipandisha presha. Gauni linatosha. Na wewe uniambie ukweli, Dada. Wewe huwa hunibembelezi."

Hiyo ilikuwa kweli. Fundi alikuwa na mdomo mbaya na aliutunza vizuri. Alimwambia bibi harusi kwamba mgongo wake umepinda. Alimwambia mchungaji kwamba kanzu haifichi kitambi, kitambi hufichwa na njaa. Wateja walikuja wakijua watatukanwa, na bado walikuja, maana alishona vizuri, na kuna watu wanaopenda kuambiwa ubaya wao na mtu anayejua kuupunguza kwa mikunjo.

Jumamosi za kwanza gauni liliingia kama kawaida. Huenda hata lililegea kidogo, maana soda tamu zilikuwa zimeondoka na chipsi zilikuwa bado hazijazoea. Fundi aliona nafasi ndogo kiunoni, ya kuingiza kidole, akajinyamazia. Kusifu hakukuwa kwenye kazi zake.

Halafu ikaja Jumamosi moja yenye wateja wengi. Kitinda aliingia nyuma ya pazia, akakaa huko muda, kukasikika kuhema, kukasikika zipu ikipanda na kukwama, ikipanda na kukwama. Kisha kukasikika kilio. Hakikuwa cha sauti. Kilikuwa kile cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja, na kila mtu dukani akakisikia. Mteja aliyekuwa anachagua vifungo akaacha kuchagua.

Fundi akaona aibu. Tena hakuona huruma kwanza, aliona aibu, kwamba ndugu yake analilia zipu mbele ya watu wanaomheshimu. Akaingia nyuma ya pazia.

"Nyamaza. Ni zipu mbovu. Hizi zipu za siku hizi takataka tupu. Liache, nitaibadilisha."

"Siyo mimi?"

"Nimesema ni zipu."

Kitinda akafuta machozi kwa pindo la pazia, akaondoka akiwa amefarijika mno, na pale kwenye ngazi ya duka akafungua kopo.

Zipu haikuwa na kasoro yoyote. Fundi aligeuza gauni ndani nje, akafumua mishono ya ubavuni kwa wembe na kuishona upya nje zaidi. Mama yao aliwafundisha kuacha akiba nene ya kitambaa ndani ya kila mshono, na akiba hiyo ilitosha kuachia nguo, yaani kuipanua, mara nyingi. Akapiga pasi. Satini ina tabia moja mbaya, ikishatobolewa na sindano haisahau. Mshono wa zamani ukifumuliwa, matundu yake yanabaki yamepangana kando ya mshono mpya. Fundi aliyasugua kwa ukucha yakafifia, na yakawa mahali pa kwapani ambapo mtu hajioni.

Jumamosi iliyofuata gauni likapanda lote, zipu ikafika shingoni bila kuombwa.

"Unaona!" Kitinda alitoka nyuma ya pazia akizunguka kwa goti moja. "Ilikuwa zipu kweli! Na nadhani nimepungua, Dada. Niambie ukweli, nimepungua?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema mengi, na hiyo imewaokoa mafundi wengi.

"Limekaa," alisema.

Kitinda alipoondoka, Msusi alikuja kutoka upande wake. Alikuwa amepanga nusu ya duka, akisuka nywele nyuma ya kabati la vioo, na alikuwa na masikio marefu kuliko nywele zote alizowahi kusuka. Akamwangalia Fundi, Fundi akamwonyesha kwa vidole alivyoachia mishono, na wote wawili wakacheka mpaka Msusi akashika meza. Mlango ulikuwa wazi. Walicheka tu.

Tangu hapo ikawa mchezo. Kitinda akizidi, gauni linazidi. Ijumaa Fundi alimtathmini kwa jicho alipopita njiani kutoka kazini, akafumua, akaachia, akapiga pasi, na Jumamosi Kitinda akaingia nyuma ya pazia na kutoka akiwa mshindi.

"Siku kitambaa kikiisha utafanyaje?" Msusi aliuliza.

"Nitaunga kipande. Nitamwambia ndiyo mtindo."

"Maskini, na ile soda yake!"

"Acha anywe. Mtu akiamua kuwa mjinga umwachie nafasi, kama mshono."

Na Kitinda hakunywa kimyakimya. Hiyo ndiyo ilimkera Fundi zaidi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, goti limenyooshwa mbele kama kizuizi cha barabarani, akawahubiria. Jamani, acheni sukari, kunyweni dayati, mimi ni shahidi, gauni lile pale, muulizeni dada yangu. Wateja wakamgeukia Fundi. Fundi akainamia cherehani. Mteja mmoja, mwalimu aliyeleta sketi yake, aliondoka akiwa ameshawishika kabisa, na wiki iliyofuata alirudi na kopo mkononi na kuomba sketi ibanwe tangu sasa, kwa kutarajia. Fundi akaibana. Kwa furaha.

Kwa nesi wa lishe Kitinda alikwenda mara moja tu. Alisema nesi ana maneno mengi: tembea kidogo asubuhi, punguza chipsi, kunywa maji, njoo nikupime. Apimwe ya nini? Gauni lilikuwa linaongea kila Jumamosi. Yale mazoezi ya goti, ya kukaa kitini na kunyoosha mguu, aliyaacha pia, maana yanauma na hayakuwa ya lazima kwa mtu ambaye tayari anapungua.

Fundi aliyasikia hayo yote. Isisemwe kwamba hakuyasikia. Alisikia neno "nesi", akasikia neno "mazoezi", na akajiambia kwamba hospitali wana mizani, na kumwambia mtu mzima kwamba amenenepa ni kazi ya wanaolipwa kwa hiyo. Huyu ndiye mwanamke aliyewaambia wachungaji habari za vitambi vyao bila malipo. Siku nyingine mkono ulisita juu ya wembe, kidogo hivi. Kisha akakumbuka "mimi ni shahidi, gauni lile pale", midomo ikamcheza, akafumua.

Siku ya kupimwa ilikuwa katikati ya wiki. Fundi alikuwa ameisahau. Alikuwa anakata kitambaa cha mapazia ya mtu, chai pembeni, Msusi anasuka nyuma ya kabati, jua la mchana limeingia mpaka kwenye cherehani. Akasikia fimbo kwenye ngazi.

Kitinda hakuwahi kuja na fimbo. Alikuwa nayo, mpya, ya hospitali, na mkanda wake wa plastiki ulikuwa haujakatwa. Alipanda ngazi, akasimama mlangoni apumue, akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja. Hakuwa na kopo.

"Wamenitoa," alisema.

"Wamekutoa wapi?"

"Kwenye operesheni. Nimeongezeka, Dada. Sijapungua, nimeongezeka. Sana. Nesi alinishusha akanipandisha tena, akasema labda mizani imekosea. Akaleta mizani nyingine."

Fundi alishika mkasi na hakukata.

"Akaniuliza kwa nini niliacha kwenda. Nikamwambia nina gauni." Kitinda alisema hivyo polepole, kama anajisikiliza. "Nikamwambia linaingia kila Jumamosi. Nikamwambia dada yangu ni fundi, hana huruma, lingenibana angenitolea uvivu mbele ya watu."

"Wakakucheka?"

"Hapana. Nesi alinionea huruma. Afadhali angecheka." Akafuta uso. "Nikamuuliza, basi ni soda? Ndiyo imeninenepesha? Akasema soda hiyo peke yake hainenepeshi wala haipunguzi. Kuacha zile tamu nilifanya vizuri, ningeendelea hivyohivyo ningeona faida. Ila nilikula juu yake kila nilichokuwa nimekiokoa na zaidi. Akaniuliza, hukuona nguo zinabana? Nikamwambia nguo za kazini zote zina mpira kiunoni. Ninayo moja tu isiyo na mpira."

Nyuma ya kabati mikono ilikuwa imesimama kichwani kwa mtu.

"Nipe gauni langu," Kitinda alisema.

"La nini sasa? Pumzika kwanza, nikupe chai."

"Nipe gauni, Dada."

Fundi akalitoa kwenye hanga. Angeweza kuliangusha, angeweza kulimwagia chai, mambo hayo yote yalimpita kichwani katika hatua zile chache, na huo ndio ulikuwa ushujaa wake wote. Akampa.

Kitinda hakulivaa. Aliligeuza ndani nje, akalitandaza magotini, akalisogeza kwenye jua. Watu walisahau, na Fundi alisahau kuliko wote, kwamba Kitinda naye alikuwa mtoto wa mama yuleyule. Hakushona, hakupenda kushona, lakini utoto wake wote alikaa chini ya meza akifumua mishono ya wengine. Akapitisha kidole ubavuni. Mstari wa matundu. Kando yake mstari mwingine. Kando yake mwingine tena, na ubavu wa pili vilevile, mpaka kwenye ukingo wa kitambaa ambapo akiba ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi.

"Ulikuwa unaachia," alisema.

"Ulilia," Fundi alisema. "Siku ile ulilia mbele ya watu. Sikutaka ulie."

"Siku ile sawa. Na hii?" Kidole kikasogea. "Na hii? Hizi sikulia. Hizi nilikuwa nafurahi."

Fundi akakiangalia kile kidole.

"Nilikuwa nawasikia mkicheka," Kitinda alisema. "Kila Jumamosi nikishuka ngazi. Mimi nashuka polepole, unajua, kwa hiyo nilikuwa nawasikia vizuri. Nilidhani mnamcheka mteja. Siku moja nilicheka na mimi, nikiwa barabarani, bila kujua mnacheka nini."

Nyuma ya kabati kiti kilisogezwa, na Msusi, ambaye hajawahi kukosa neno, akafungua bomba la maji lililokuwa halina kazi.

"Ofisini wananivika kilemba cha ukoka," Kitinda aliendelea. "Umependeza, umekonda, uso umeingia ndani. Nilijua wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ndiyo maana nilikuja kwako. Kwa huo mdomo wako mbaya. Mtu mmoja tu duniani ambaye nikimuuliza nimenenepa, ataniambia umenenepa. Halafu ukaniona mjinga kiasi kwamba sifai hata kutukanwa."

Hakupaza sauti. Fundi angempa kitu chochote apaze sauti. Kwenye ugomvi alikuwa hodari, hakuna aliyemshinda. Lakini huu haukuwa ugomvi, na yeye alisimama katikati ya duka lake na mkasi mkononi akijiona jinsi alivyo. Mwanamke mzima. Ameiuza miguu ya mdogo wake kwa kicheko cha Jumamosi.

"Nitazungumza na daktari," alisema. "Nitakwenda mwenyewe, nimwambie kosa ni langu."

"Utamwambia nini? Kwamba uzito ni wako?" Kitinda aligeuza gauni likarudi sawa, akalikunja, akamnyooshea. "Rudisha. Kwenye mshono wa kwanza kabisa. Matundu yapo, utayaona."

"Halitakuingia."

"Najua halitaniingia. Jumamosi nakuja."

Akasimama kwa fimbo. Kwenye ngazi aligeuka kiubavu, mkono kwenye mwimo wa mlango, akashuka. Fundi alimfuata na kumpa mkono, na Kitinda akausukuma pembeni kama mtu anavyosukuma tawi.

Fundi alifumua gauni lile siku hiyohiyo. Mapazia ya mtu yakasubiri. Cherehani haikufaa, maana haiwezi kufuata tundu la zamani, ingetoboa jipya pembeni. Akashona kwa mkono, akiingiza sindano kwenye tundu lake lilelile, moja baada ya jingine, ubavu mzima kisha ubavu wa pili. Msusi alikuja kusimama karibu.

"Hiyo kazi yote, na hatalivaa," alisema, na akaanza kutabasamu, kama walivyozoea.

"Rudi kwenye nywele zako," Fundi alisema. Msusi akarudi.

Jumamosi duka lilijaa. Mwalimu wa sketi alikuwepo, anataka ile sketi iachiwe, na hakutaka kuelezea kwa nini. Kitinda aliingia na fimbo, akawasalimu wote, akapokea gauni, akaingia nyuma ya pazia. Kukasikika kuhema. Zipu ikapanda hatua mbili, ikakwama. Hakukuwa na kilio.

"Dada. Njoo."

Fundi akaingia. Mgongo wa Kitinda ulikuwa wazi kutoka kiunoni mpaka juu, kingo mbili za satini zimekataana, na katikati yake nyama laini iliyobanwa na sidiria. Mwanga uliopenya pazia ulionyesha kila kitu. Kitinda alikuwa ameshika nguo kwa mbele, anatazama ukuta.

"Sema," Kitinda alisema.

Mwanamke aliyewahi kumwambia bibi harusi kwamba mgongo wake umepinda alisogea karibu. Hakuwa na pini mdomoni. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya katika duka lile, na ilikuwa neno moja.

"Limekataa," alisema.

"Limekataa kiasi gani?"

Fundi akaweka mkono wake pale wazi, akaulaza kwenye uti wa mgongo wa mdogo wake.

"Kiganja changu kinapita. Chote. Na vidole juu yake."

"Na mbele?"

"Mbele umevimba. Unaonekana kama mto uliotiwa kwenye foronya ya mtoto."

Mabega ya Kitinda yakatikisika mara moja. Fundi hakujua kama ni kicheko au kile kingine, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kujua.

"Haya," Kitinda alisema. "Litundike mbele, pale kwenye kioo, wateja walione. Wakiuliza, waambie ni la nani."

Akavaa nguo zake za mpira kiunoni, akashika fimbo, akatoka. Kwenye ngazi Fundi alikuwa ameshafika kabla yake, mkono ameunyoosha.

"Mimi usinishike," Kitinda alisema. "Shika mkoba."

Fundi akaushika. Ulikuwa mzito, na ndani yake, alisikia kabla ya kuona, kopo liligongana na funguo. Zile dharau zote za zamani zikampanda mpaka kooni, zikapanga mstari, tayari.

"Ndiyo, imo," Kitinda alisema, bila kugeuka, mguu mzima ukitafuta ngazi. "Moja tu. Nesi amesema haina neno. Una la kusema?"

"Sina."

"Basi shuka mbele yangu, polepole. Nikianguka niangukie kitu laini."

Fundi akatangulia, mkoba wa mdogo wake kifuani, akishuka kiubavu kama yeye, ngazi moja, akasubiri, ngazi nyingine, akasubiri, na watu waliokuwa nyuma yao wakasubiri na kujifanya wanaangalia simu.